Gari la Wifi na Plasta ya Tano

Jumanne, 8 Oktoba

Sista Getruda, yule anayewafunga watoto plasta, amesema kila mama awe na daftari. Kila siku unaangalia vidole vya mtoto vinavyochungulia kwenye plasta, unaandika vikoje: kama vina joto, kama vimevimba, kama rangi imebadilika. Vikipoa na kupauka usingoje Jumanne, unakimbia hospitali. Basi na mimi ninalo daftari. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa anauonyesha kwa wenzangu, na nikishaanza kuandika najijua, siwezi kuishia kwenye vidole.

Farouk wangu ana wiki saba. Mguu wake wa kushoto alizaliwa nao umegeuka, unyayo unatazama mguu mwenzake. Sista anasema zitafungwa plasta tano au sita, moja kila Jumanne, na kila moja itaugeuza mguu kidogo kidogo. Baadaye daktari atakata mshipa mdogo hapa kisiginoni, halafu mtoto atavaa viatu maalumu. Nikifuata kila kitu, mtoto atatembea, atakimbia, na hakuna atakayejua. Nililia pale pale benchi.

Masharti ni mawili. Plasta isilowe katikati ya wiki. Na Jumanne asubuhi, kabla ya kuja, uiloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye siki, ilainike, uivue, uje haraka. Kliniki ni Jumanne tu, mwisho saa sita. "Ukishaivua, siku hiyo hiyo lazima tufunge nyingine," alisema. "Mguu wa mtoto una kumbukumbu. Ukiuachia unarudi ulikotoka."

Tumekwenda na gari la wifi. Habari za gari nitaandika siku nyingine, kichwa kinaniuma.

Jumatano, 9 Oktoba

Vidole vizuri, vina joto.

Alhamisi, 10 Oktoba

Vizuri. Mvua kidogo jioni.

Ijumaa, 11 Oktoba

Vidole vizuri. Leo niandike habari za gari.

Tunakaa Ilemela, huku juu kwenye mawe, nyumba ya mama mkwe wangu Bi Safia. Mume wangu Msafiri yuko mgodini Geita, anarudi mwisho wa mwezi. Wifi Najat ni dada yake mkubwa. Aliolewa akaachika, hakujaliwa mtoto, sasa anapika pilau la maharusi na watu wanamtafuta mpaka Nyakato. Mwezi wa nane akaenda Dar, kila mtu akijua anafuata Noah ya kubebea masufuria. Akarudi na gari la umeme. Jekundu, limelala chini, mbele limechongoka kama gari la mashindano, na likitembea halina sauti. Ukiwa umeligeuzia mgongo, unashtukia liko kisogoni.

Msafiri alipoliona alicheka mpaka akakaa chini. Analiita friji lenye matairi. Lakini wifi akilaza viti vya nyuma, masufuria makubwa matatu yanaingia, na karai, na magunia, na mlango unafunga. Halafu akiviinua viti, nyuma tunakaa watu watatu na mtoto, na pale katikati pana mahali pa kufunga kiti cha mtoto. Sasa mimi sijui mtu anacheka nini.

Njia ya gari inaishia chini ya dirisha langu, na soketi ya karibu ni ya chumbani kwangu. Kila magharibi wifi anagonga dirisha, ananipa mkia wa kebo. "Mke wa kaka, mnyonyeshe mwanangu." Nami nachomeka. Gari linanyonya mpaka asubuhi. Yeye anacheka, na mimi nacheka, ila moyoni nasema huyu mwanamke ana maringo. Anaendesha kama anafukuzwa.

Jumanne, 15 Oktoba

Plasta ya pili. Mvua ilianza saa kumi na mbili asubuhi, mvua ya kweli, maji yanashuka kwenye mawe kama mtu kamwaga pipa. Ningekuwa wa kupanda pikipiki ningerudi kulala. Wifi alileta gari mpaka mlangoni, nikaingia na mtoto wangu mkavu kama alivyotoka kitandani.

Pale kwenye taa za Kirumba kijana wa bodaboda aliinama dirishani, anatiririka maji, akauliza, "Dada, hili lina injini au unasukumwa na malaika?" Wifi akatabasamu. Taa ilipowaka kijani aligusa tu kwa mguu, na mimi mgongo ukabandikwa kwenye kiti. Yule bodaboda na Noah iliyokuwa pembeni tukawaacha nyuma wanakuwa wadogo. Nilipiga kelele. Akapunguza hapo hapo, akasema, "Samahani baba," akimwambia Farouk, si mimi. Njia nzima iliyobaki alikwenda polepole, kila tuta analipanda kama amebeba mayai.

Hospitali nilikaa na mama mmoja wa Nyakato, Bernadeta. Alikuja na pikipiki, mguu wa mwanawe kaufunga mfuko wa nailoni. Wiki iliyopita ulivuja, plasta ikalainika njiani akirudi nyumbani, na mguu ukakaa hivyo hivyo siku sita. Sista akamwambia bila kumgombeza kwamba wataanza upya. Bernadeta aliitikia tu, ndiyo Sista, ndiyo Sista. Tulipotoka wifi akampakia, akampeleka mpaka Nyakato kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwandani, na Nyakato si njia yetu hata kidogo. Hakuniuliza. Niliporudi nilikaa namfikiria wifi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Vidole vizuri.

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua tangu jana. Vidole vizuri. Nguo za mtoto hazikauki.

Jumanne, 22 Oktoba

Plasta ya tatu. Plasta ya zamani ilipotoka nikaona kwa macho yangu: unyayo hautazami tena mguu mwenzake. Umegeuka nusu. Sista alinionyesha kwa kidole, kutoka hapa mpaka hapa. Wifi alikuwa nyuma yangu, nikasikia anavuta pumzi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Msafiri amekuja. Alimbeba mwanawe, akaugonga mguu wa plasta kwa kidole kama anagonga mlango. Tulicheka sana.

Jioni yeye na dada yake walianza utani wao. Wifi alikuwa anapakia masufuria ya harusi ya Mirongo. Msafiri akamwambia siku pilau litakapopoa njiani ndipo atakapoikumbuka ile Noah. Wifi akamwambia atoe macho kwenye gari la watu, yeye hata baiskeli inamshinda. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, akasema yeye hapendi gari lisilolia, kitu chenye uhai lazima kilie. Wifi akamjibu, "Mama, na mimi nilipozaliwa si ulisema sikulia?" Mama akamrushia kandambili.

Jumanne, 29 Oktoba

Plasta ya nne. Sista amesema mguu unafuata vizuri kuliko wote wa Jumanne hii. Plasta ya tano ndiyo ya mwisho kabla ya kisigino. Wiki ijayo, inshallah.

Leo wifi ndiye aliyeshika mguu wakati Sista anaviringisha. Alishika kwa vidole viwili, hatikisiki. Sista akamwambia, "Mama una mkono mzuri." Wifi akasema, "Mimi shangazi. Mama yule anayelia pale." Nilisikia wivu kidogo, si uongo. Lakini nilipomwangalia usoni, wivu ukaisha. Anampenda huyu mtoto, na nilikuwa namwona mwenye maringo.

Alhamisi, 31 Oktoba

Vidole vizuri. Radi imepiga kwa mzee Masele, nyumba ya tatu juu yetu. TV na friji vimeungua, ukuta umepasuka. Hakuna aliyeumia. Watu wamekwenda kushangaa.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimeota radi. Bibi yangu wa Magu aliyenilea alikuwa mawingu yakijikusanya juu ya ziwa tu, anatuvua kila nguo nyekundu, anafunika kioo, anatutoa karibu na dirisha. Alisema radi inafuata chekundu. Shuleni walisema si kweli. Lakini bibi alishuhudia mtu anapigwa, mwalimu hakushuhudia.

Gari jekundu linalala hatua tatu kutoka kitanda cha mwanangu, na kebo yake imeingia ukutani kwangu.

Jumatatu, 4 Novemba

Ngurumo tangu magharibi. Nimechomoa kila kitu ukutani, hata mkia wa gari. Ikitulia nitarudishia. Farouk ananyonya. Vidole vizuri.

Jumanne, 5 Novemba

Leo hakuna cha kuandika vidole. Mguu uko wazi.

Niandike kama ilivyokuwa. Jana nilichomoa kebo nikiwa nanyonyesha, nikasema radi ikipita nitairudisha. Nikapitiwa na usingizi na mtoto kifuani. Saa kumi na moja na nusu alfajiri niliamka kuswali, nikakanyaga kitu baridi. Ule mkia wa kebo, sakafuni. Ulikuwa sakafuni usiku kucha.

Niliuchomeka haraka. Nikajiambia saa moja na nusu ya kunyonya si haba, hospitali si mbali, tutafika. Ningetoka nje wakati ule nimgongee wifi. Mlango wake uko pale, ng'ambo ya ua. Nilishika komeo. Nikafikiria atakavyosema, mke wa kaka umesoma mpaka wapi wewe, radi na nyekundu, na Mama atasikia, na watanicheka mpaka Idi. Nikaliachia komeo.

Saa kumi na mbili na nusu nikaweka maji ya vuguvugu, nikatia siki, nikaiingiza plasta. Nilijua gari halijashiba, na bado niliiloweka plasta. Nimeandika hivyo makusudi ili nisije kujidanganya baadaye.

Saa moja wifi aliingia kwenye gari, akaliwasha, akaita, "Wifi, umeme ulikatika?"

Nikasema, "Ulikatika."

Akaniuliza plasta nimeshaivua. Nikamwambia nimeshaivua. Akasema chaji ni asilimia kumi na tatu, kwa kawaida mpaka hospitali inakula nane, twende hivyo hivyo polepole. Alizima redio, akazima kila kitu isipokuwa wipa. Mvua ilikuwa haituonei huruma.

Tulifika Kirumba imebaki saba. Karibu na mjini askari anageuza magari: Mto Mirongo umefurika, maji yamepanda barabarani. Tukazungushwa njia ya mlimani kwenye foleni, tunapanda, tunasimama. Sita. Tatu. Pale katikati ya kilima kioo cha dashibodi kikaonyesha alama nyekundu ya kobe, gari likaanza kutambaa, halafu likakata tamaa. Halikutoa hata sauti ya kuzima. Nyuma honi zikaanza.

Vijana walikuja kusukuma. Mmoja, yule bodaboda wa kwenye taa, akasema, "Dada, mwendo wote ule wa Kirumba leo umekuwa wa kobe kweli?" Wakacheka, wifi hakucheka. Alikuwa nje anasukuma nao, gauni limemganda mwilini. Lilipokaa pembeni alivua khanga yake ya juu, akauzungushia mguu wa Farouk, akamshika mguu kwa vidole vile viwili, kama anavyoshika kwa Sista, kana kwamba mkono wake ungeweza kuwa plasta. Tulisimama hivyo chini ya paa la duka. Bajaji zinapita zimejaa. Hakuna iliyosimama.

Tulipata moja saa tano na nusu. Tulifika saa sita na robo, chumba kimefungwa. Mlinzi akasema Sista ameondoka sasa hivi, ana basi la Dodoma, anakwenda kwenye mafunzo wiki mbili. Jumanne ijayo hakuna kliniki ya plasta.

Wifi alikaa chini kwenye sakafu ya hospitali, yeye anayejipenda vile. Akasema, "Nimemharibia mtoto wa watu."

Mdomo wangu ulifunguka. Nilitaka kusema. Farouk akaanza kulia, nikamnyonyesha, na maneno yakapita.

Jumatano, 6 Novemba

Mguu bado umenyooka. Naushika kila saa.

Alhamisi, 7 Novemba

Wifi alimbeba Farouk, akaenda naye hospitali tatu kuuliza nani mwingine anafunga. Mmoja akamwambia anaweza, alipoushika mguu wifi akaona hajui, akamrudisha mtoto. Naona bora alivyofanya.

Ijumaa, 8 Novemba

Kidole gumba kimeanza kuangalia ndani.

Msafiri amepiga simu. Mama ndiye aliyetangulia kumsimulia, kwamba gari limezimika mlimani na mtoto akakosa plasta. Wifi alikuwa anachambua mchele, simu ikawekwa sauti kubwa. Msafiri hakutania safari hii. Alisema, "Nilikwambia chukua gari la watu wenye akili. Ukachukua toi ya watoto. Sasa toi yako imemlemaza mwanangu." Akasema mengine siyaandiki. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

Wifi alingoja amalize. Akasema, "Nimekusikia, Msafiri. Nisamehe." Akaendelea kuchambua mchele. Wakati akisema hivyo aliniangalia mara moja tu, si kwa hasira, aliniangalia kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake. Nikadhani ananionea huruma.

Jumapili, 10 Novemba

Mama amesema kebo ile isiingie tena ndani ya nyumba yake. Gari lina mkosi, limeanza na mtoto, litamaliza na nyumba. Wifi akajaribu kumweleza. Mama akasema nyumba ni yake, ukuta ni wake, soketi ni zake.

Wifi anakwenda kuchajia kwa fundi mmoja Pasiansi. Anakaa huko saa nne, tano, anasubiri kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Jumanne, 12 Novemba

Hakuna kliniki. Nimeunyoosha mguu kwa mkono asubuhi mpaka mchana. Ukiuachia unarudi.

Alhamisi, 14 Novemba

Watu wa harusi ya Jumamosi wamempigia wifi, wanasema wamepata mpishi mwingine. Wamesikia gari lake linazimika njiani, wanaogopa pilau litawafikia jioni. Kijana mmoja wa wale waliosukuma alipiga picha, imezunguka kwenye simu: wifi kalowa anasukuma gari jekundu, na chini maneno ya kuchekesha. Nilizima simu yangu.

Nikisema leo, Msafiri atanifanya nini? Hanipigi, hajawahi. Lakini sauti ile aliyomsemea dada yake siiwezi. Na Mama je? Mimi ni mgeni kwenye nyumba hii, nimekuja na begi moja. Nitasema Sista akirudi. Akisema mguu uko sawa nitasema kwa furaha, kitakuwa kitu kidogo.

Jumanne, 19 Novemba

Hauko sawa.

Nilipanda bajaji na Mama. Sista aliushika mguu muda mrefu, akaugeuza, akaupeleka hapa na pale, hakuniangalia. Akasema umerudi karibu na ulipokuwa plasta ya kwanza. Sasa unaanza kukaza, kwa hiyo kila plasta itachukua kazi zaidi. Akauliza plasta niliivua lini. Nikamwambia. Akauliza, "Siku ile mliondoka nyumbani mkijua usafiri ni wa uhakika?"

Mama akajibu kwa niaba yangu. Akasema ni gari la binti yake.

Farouk alilia wakati wa kufungwa. Zile nne za kwanza hakulia. Plasta ya kwanza, tena.

Jioni nilimkuta wifi anapiga picha gari, mbele, nyuma, ndani, viti vimelazwa, viti vimeinuliwa. Sikumuuliza. Nilijua.

Ijumaa, 22 Novemba

Vidole vizuri. Anakuja mtu wa Kahama kesho kulinunua gari.

Jumamosi, 23 Novemba

Gari limeondoka saa nne asubuhi. Wifi alilisafisha mpaka chini ya mazulia, punje za mchele alizitoa moja moja. Mtu wa Kahama ana watoto wanne, walikuja wote, wakaingia nyuma wanarukaruka. Wifi akamfundisha kila kitu, jinsi ya kulaza viti, jinsi ya kuligusa taratibu lisiruke. Lilipoondoka lilipita chini ya dirisha langu. Halikulia. Niliona wekundu unapita tu kwenye pazia.

Jumapili, 24 Novemba

Leo nimesema.

Alikuwa uani anasugua masufuria kwa mchanga. Nilimweka mtoto ndani, nikaja nikachuchumaa mbele yake. Nikasema, "Wifi, siku ile umeme haukukatika. Mimi nilichomoa kebo, niliogopa radi. Nikalala. Asubuhi nikaiona nikanyamaza."

Hakuacha kusugua. Akasema, "Najua."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Kioo cha gari kinaandika kila kitu, wifi. Kuchaji kumeanza saa kumi na mbili na robo. Kebo imetolewa saa moja na dakika nne. Imerudi saa kumi na moja na nusu asubuhi. Umeme ukikatika kinaandika umeme umekatika. Kebo ikitolewa kinaandika kebo imetolewa. Nilikisoma pale pale mlimani tukisubiri bajaji."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, Msafiri alipokuwa anamtukana, Mama alipokuwa anamfukuzia gari lake. Akaweka sufuria chini.

"Wewe ni mke wake. Mimi ni dada yake. Dada haachwi."

Akachota mchanga mwingine. Halafu akasema kuogopa radi siyo kitu, na yeye anaogopa, nani haogopi kwenye mawe haya. "Ungenigongea alfajiri ile, kabla hujaloweka plasta. Tungepanda bajaji saa kumi na mbili, ningekugombeza mpaka mjini, tukifika hospitali yamekwisha." Akasema alidhani nitasema siku ya kwanza. Akadhani nitasema simu ilipowekwa sauti kubwa. "Mpaka jana yule mtu anaingia kwenye gari nilikuwa naangalia dirisha lako."

Nililia, nikamshika magoti. Akaniinua. Hakunisukuma, alinipa maji ninawe uso. Akasema, "Nenda kwa mtoto, Mama Farouk."

Tangu nije nyumba hii hajawahi kuniita hivyo. Ni wifi, ni mke wa kaka, ni mvivu wewe, ni mswahili wa Magu. Mama Farouk ndivyo wanavyoniita wa dukani.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimempigia Msafiri, nimemwambia yote kabla sijala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Na mimi nilimwambia vile dada yangu." Akakata. Mama nilimwambia mchana, akiwa kwenye mkeka. Alisikiliza, akaingia ndani, akatoka na shuka lake la kuswalia, akalitandika, wala haikuwa saa ya swala.

Jumanne, 26 Novemba

Plasta ya pili. Bajaji ilichukua saa nzima na maji yaliingia pembeni. Niliukumbatia mguu chini ya nguo yangu. Haukulowa.

Ijumaa, 29 Novemba

Msafiri amekuja, akaenda moja kwa moja kwa dada yake, akaomba radhi mbele ya Mama na mbele yangu. Wifi akasema yameisha, akamkaribisha chai. Msafiri akajaribu utani, akasema basi sasa tutafute Noah. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Mama akasema soketi ziko wazi, kebo yoyote ije. Wifi akasema, "Ahsante, Mama." Kebo imekwenda Kahama.

Jumanne, 3 Desemba

Plasta ya tatu. Umegeuka kidogo.

Jumapili, 8 Desemba

Vidole vizuri. Wifi amepata harusi moja, amekodi pikapu. Nilikwenda kumsaidia kumenya vitunguu. Tulizungumza habari za vitunguu.

Mtu wa Kahama anampigia simu mara kwa mara. Mara kiti hakilali, mara kioo kimeandika maneno asiyoyajua. Wifi anamweleza kwa utaratibu, na mkono wake unakwenda hewani kama anashika kile anachokitaja.

Jumanne, 10 Desemba

Plasta ya nne. Sista amefurahi. Anasema mguu umerudi pale ulipokuwa Oktoba.

Jumanne, 17 Desemba

Plasta ya tano. Unyayo umenyooka, unatazama mbele. Wiki ijayo ni kisigino, daktari amekwisha kuandika jina. Bernadeta alikuwepo, mwanawe amekwisha kukatwa mshipa, amevaa viatu vyenye chuma katikati, anapiga piga benchi navyo kama ngoma.

Leo kulikuwa na akina mama wapya saba. Sista alipomaliza kuwapa masharti akaniita, akasema, huyu plasta zake tano zimechukua Jumanne kumi na moja, awaambie mwenyewe kwa nini. Sikutegemea. Nilisimama na mtoto begani nikawaambia. Sikusema gari lilizimika. Nilisema nilichomoa kebo, nilinyamaza, nikaloweka plasta huku najua. Niliwaambia usiguse maji na siki mpaka umeona kwa macho kitakachokupeleka, na kama kuna kitu umekosea nyumbani kaseme alfajiri, hata kama watakucheka.

Walikuwa wananiangalia wote. Msichana mmoja wa nyuma, mdogo kuliko mimi, mtoto wake bado mwekundu, akauliza, "Na huyo wifi yako, mlipatana?"

Nikasema tunakaa nyumba moja, na kila siku ananiuliza mtoto ameamkaje.

Alikuwa bado anangoja. Nikamwambia hilo tu ndilo ninalolijua, nikarudi kwenye benchi nikakaa.